Altoona, Mji Uliozaliwa na Karakana

Mwaka 1849 kampuni ya Pennsylvania Railroad, iliyokuwa ikitandika reli kutoka Philadelphia kwenda Pittsburgh, ilichagua mashamba yaliyo chini ya milima ya Allegheny ili iweke karakana zake hapo. Mji haukuwapo. Treni hazingeweza kuupanda mlima ule bila kuongezewa injini za kuzisukuma, na injini hizo zilihitaji makaa, maji, na mafundi wa kuzitengeneza usiku na mchana. Hivyo ndivyo Altoona ilivyozaliwa, na kufikia 1868 ilikuwa imepewa hadhi ya jiji.

Magharibi kidogo ya mji kuna Horseshoe Curve. Mhandisi J. Edgar Thomson hakutaka kuukabili mlima uso kwa uso. Aliizungusha reli bondeni, ikapanda polepole na kurudi upande iliotokea. Vibarua, wengi wao wahamiaji kutoka Ireland, walichimba kwa sululu, makoleo na baruti. Njia ilifunguliwa tarehe 15 Februari 1854, na safari ya Philadelphia hadi Pittsburgh iliyokuwa ikichukua zaidi ya siku tatu ikawa ya saa 15 hivi. Umuhimu wake ulijulikana mbali: mwaka 1942 wahujumu wa Kijerumani walioshushwa Marekani kwa nyambizi walikuwa na Horseshoe Curve katika orodha yao. Walikamatwa kabla ya kuigusa.

Lakini sifa kubwa ya Altoona, kwa maoni yangu, ni maabara yake, na wageni wengi wanaofika kutazama treni huipita bila kuijua. Mwaka 1875 kampuni ilimwajiri Charles B. Dudley, mkemia aliyehitimu Yale. Kazi yake ilikuwa kupima kila kilichonunuliwa: mafuta ya kulainishia vyuma, rangi, sabuni, na hasa reli zenyewe. Baadhi ya reli zilidumu miaka, nyingine zikalika upesi, na aliyenunua hakuwa na njia ya kujua mapema. Mwaka 1878 Dudley alitoa ripoti kuhusu kemia ya chuma cha reli, akapendekeza viwango ambavyo wauzaji wangepaswa kuvifuata. Wenye viwanda vya chuma walimpinga vikali; hawakupenda mnunuzi awafundishe kazi yao. Dudley hakurudi nyuma. Baadaye akawa rais wa chama cha kitaifa cha upimaji wa vifaa, na akakiongoza hadi alipofariki mwaka 1909.

Kutoka kwenye Maonyesho ya Dunia ya St. Louis ya 1904 kampuni ilileta mtambo wa kupimia injini nzima za mvuke. Magurudumu ya injini yalikalishwa juu ya magurudumu mengine ya mtambo, moto ukawashwa, na injini ikakimbia kwa nguvu zake zote bila kusogea hata hatua moja. Wapimaji walisimama kando wakiandika makaa yaliyoliwa, maji yaliyogeuka mvuke, na nguvu ya kuvuta. Injini za aina ya K4s, zilizovuta treni za abiria za kampuni hiyo kwa miongo mingi, zilipimwa hapo. Namba 1361, iliyoundwa katika karakana za Juniata hapo hapo Altoona mwaka 1918, ilikaa muda mrefu kwenye Horseshoe Curve kama kumbukumbu.

Sensa ya 1930 ilihesabu wakazi 82,054. Kisha ikaja dizeli, ambayo haikuhitaji mikono mingi kama mvuke, na barabara kuu zikachukua mizigo na abiria. Pennsylvania Railroad iliungana na mshindani wake mwaka 1968, na kampuni mpya ikafilisika mwaka 1970. Sensa ya 2020 ilipata watu 43,963. Jengo la mafundi wakuu, lililojengwa mwaka 1882, sasa ni makumbusho ya wafanyakazi wa reli. Na treni nzito za mizigo zinazoelekea magharibi bado huongezewa injini za kuzisukuma hapo Altoona, kwa sababu mwinuko ni ule ule.