Vimondo vya alfajiri: hesabu yako kutoka Tabora ina thamani kwa sayansi

Kila mwaka, kuanzia mwishoni mwa Aprili, vimondo vingi huonekana angani kabla ya jua kuchomoza. Kilele chake ni karibu na Mei 5 na 6. Kwa wakazi wa Tabora, huo ni wakati mvua zinakwisha na mawingu yanapungua. Zamani, misafara ya wapagazi kati ya Tabora na Bagamoyo ilianza mwendo alfajiri ili kukwepa jua kali. Saa hizohizo ndizo saa za vimondo hivi.

Vinatoka wapi?

Ni vumbi lililoachwa na nyotamkia ya Halley, iliyopita karibu na Jua mwaka 1986 na inayotarajiwa kurudi 2061. Chembe hizo huingia kwenye hewa ya Dunia kwa kasi ya kilomita 66 kwa sekunde. Kwa kasi hiyo, safari ya Tabora hadi Dar es Salaam ingechukua sekunde 12 hivi.

Kitovu ni nini?

Simama kwenye kivuko cha reli ya kati utazame mbali. Vyuma viwili huonekana kama vinakutana, ingawa havikutani. Vimondo vya kundi moja navyo husafiri sambamba, lakini kwa macho yetu huonekana vikitoka sehemu moja ya anga. Sehemu hiyo ndiyo kitovu. Kitovu cha vimondo vya Mei kiko katika nyota za Ndoo.

Obiti hujulikanaje?

Obiti ni njia ambayo chembe ilifuata kulizunguka Jua. Mtu mmoja hawezi kuipima. Lakini kamera mbili zilizo mbali, mfano moja Tabora na nyingine Nzega, zikinasa kimondo kilekile, wataalamu hupata kimo, mwelekeo na kasi yake. Kutokana na hayo hupiga hesabu ya obiti.

Mtandao wa kamera uitwao Global Meteor Network umeshatoa obiti zaidi ya milioni moja. Takwimu zake ziko wazi kwenye intaneti: mwalimu, mwanafunzi au mkulima anaweza kuzisoma na kuzitumia bila malipo, mradi ataje zilikotoka.

Kwa nini Tabora?

Watazamaji na kamera nyingi ziko Ulaya na Amerika Kaskazini. Huko, Mei, kitovu cha Ndoo hubaki chini hadi kunapambazuka. Tabora hupanda juu zaidi kungali giza.

Tanzania inajua hasara ya kukosa kumbukumbu. Desemba 16, 1938, jiwe kutoka angani lilianguka Ivuna, eneo ambalo leo liko mkoa wa Songwe. Ni la aina adimu sana, na wanasayansi wanalichunguza hadi sasa. Lakini hakukuwa na kamera iliyolinasa, hivyo obiti yake haijulikani. Jiwe la kwanza kuanguka huku kamera zikilipiga picha, na obiti yake ikapatikana, lilikuwa la Příbram, Chekoslovakia, mwaka 1959.

Unachoweza kufanya

Huhitaji kamera wala darubini.

- Toka nje kati ya saa 10 na saa 11 na nusu alfajiri, mahali pasipo taa, ukiwa na mwenzako.
- Zima mwanga wa simu. Macho huhitaji dakika 20 kuzoea giza.
- Lala chali kwenye mkeka, tazama mashariki na juu.
- Andika saa ya kuanza na ya kumaliza, na hali ya mawingu.
- Kila kimondo kikipita, rudisha mstari wake nyuma kwa macho. Ukielekea Ndoo, kihesabu katika kundi. Vingine viandike kando.

Hesabu hizo hupokelewa na Shirika la Kimataifa la Vimondo, IMO, lililoanzishwa 1988, kupitia tovuti yake imo.net. Ukikaa saa nzima usione hata kimoja, andika sifuri na uitume. Sifuri nayo ni takwimu.