Krismasi: Agano la Mungu Lisilovunjwa na Ukame

KRISMASI, ambayo Wakristo wengi huiadhimisha Desemba 25, ni sikukuu ya kuzaliwa kwa Yesu Kristo. Kwa mafundisho ya Kanisa, kuzaliwa huko ni utimizo wa agano ambalo Mungu aliliweka na wanadamu.

Mkataba huvunjika upande mmoja ukikiuka masharti. Agano la Mungu ni tofauti. Katika Mwanzo 15, wanyama wa kafara walipasuliwa vipande, lakini Abramu hakupita kati yake. Ulipita moto, ishara ya Mungu mwenyewe. Ndiyo maana Injili ya Mathayo inaanza kwa kumtaja Yesu kuwa mwana wa Daudi na wa Abrahamu, na katika Luka 1 Zakaria anamsifu Mungu kwa kulikumbuka agano lake.

Wakamba wa Kitui na Makueni walijua uzito wa kiapo. Zamani mizozo mikubwa iliamuliwa kwa kithitu, na iliaminika kwamba aliyeapa uongo angekufa, hata na jamaa zake. Krismasi inageuza mambo: aliyeapa anakuja mwenyewe kubeba laana ya waliovunja agano.

Mmisionari Johann Ludwig Krapf alifika Kitui mwaka wa 1849, akapokewa na Kivoi, kiongozi na mfanyabiashara mashuhuri. Mnamo 1895, Peter Cameron Scott na wenzake wa Africa Inland Mission walifungua kituo chao cha kwanza Nzaui, Makueni. Baadaye Profesa John Mbiti, mzaliwa wa Kitui, alitafsiri Agano Jipya kutoka Kigiriki hadi Kikamba. Tafsiri hiyo, iliyotoka 2014, inaanza jina lake kwa neno Utianiyo, yaani agano.

Sikukuu hii huwakuta wakulima wa kaunti hizo mvua ya vuli ikielekea ukingoni, nayo ndiyo tegemeo lao kuu kwa mahindi, kunde na ndengu. Kati ya 2020 na 2022, misimu mitano mfululizo ya mvua ilifeli katika maeneo kame ya Kenya. Krismasi ikawadia ghala zikiwa tupu, na waumini wakawa na haki ya kuuliza iwapo Mungu amesahau ahadi yake.

Imani ya Kikristo hujibu kwamba agano la Bethlehemu halikuahidi mavuno kila msimu. Liliahidi Imanueli, yaani Mungu pamoja nasi, hata katika njaa. Basi anayelisherehekea agano hilo kwa nyama na chapati hana budi kumkumbuka jirani ambaye jiko lake halikuwashwa.