Mchoro Rejea: Ulikotoka na Unapokwama

Jengo la ghorofa halichorwi na mtu mmoja. Msanifu huchora kuta na milango, mhandisi hupanga nguzo, fundi umeme hupitisha nyaya na wa maji mabomba yake, na wote huitegemea ramani ile ile ya msanifu. Akisogeza ukuta bila kuwaarifu wenzake, bomba litajikuta katikati ya chumba cha kulala.

Kabla kompyuta hazijaenea, ofisi kubwa za Marekani zilitumia karatasi angavu za plastiki. Zilitobolewa matundu ukingoni na kuvishwa kwenye pini za meza ya kuchorea, kila fani na karatasi yake juu ya ile ya msanifu. Ilikuwa kazi safi. Lakini msanifu akibadili chochote, nakala zilipaswa kuchapwa na kugawiwa upya.

Mwaka 1963 Ivan Sutherland, mwanafunzi wa uzamivu katika chuo cha MIT, alionyesha njia nyingine. Katika programu yake ya Sketchpad, iliyoendeshwa kwa kalamu ya mwanga kwenye kompyuta ya TX-2, mchoro mama uliweza kutokea mara nyingi ndani ya mchoro mwingine. Ukirekebisha mama, wote waliotokana naye hubadilika. Naamini wazo lenyewe lilizaliwa hapo. Kilichobaki kilikuwa kulivusha kutoka mchoro mmoja hadi mafaili ya watu wengi.

Haikuwa haraka. Programu ya kuchorea ya AutoCAD ilipotoka mwaka 1982, ukiingiza mchoro wa mwenzako ndani ya wako ulikuwa umenakili tu. Akibadilisha wake, wako unabaki na habari za jana. Toleo la 11, la mwaka 1990, ndilo lililoleta xref, yaani mchoro rejea, ingawa watumiaji wa MicroStation, programu nyingine ya kuchorea, walikwisha kuuzoea utaratibu wa namna hiyo. Sasa faili la mhandisi halimezi tena la msanifu: linahifadhi jina la faili hilo na njia ya kulifikia, kisha hulisoma upya kila linapofunguliwa.

Njia hiyo ndiyo iliyowatesa watu. Kwa kawaida iliandikwa kamili, kuanzia herufi ya diski. Hamisha folda, au mtumie mkandarasi faili moja kwa barua pepe, naye ataona maandishi ya njia iliyopotea mahali palipopaswa kuwa na kuta. Tiba ni njia ya kulinganisha, inayohesabu kuanzia pale mchoro wenyewe ulipo, lakini AutoCAD iliifanya kuwa chaguo la kawaida katika toleo la 2018 tu, zaidi ya robo karne baadaye. Ni kuchelewa kusikostahili.

Basi wewe unayechora, kabla hujatuma ramani, iweke pamoja na rejea zake zote katika folda moja, kisha ifungue kwenye kompyuta nyingine uone kama kuta zote zipo.