Ngoma za Wageni: Muziki na Ujirani katika Historia ya Ruashi na Lubumbashi

Ruashi ni mojawapo ya komine saba za mji wa Lubumbashi, na historia yake haitengani na shaba. Ni katika eneo hilo ulipo mgodi wa Étoile, ambao wenyeji huuita Kalukuluku, uliotoa mawe ya kwanza kuyeyushwa mjini mwaka 1911. Makazi yenyewe yalikuja baadaye, katika miaka ya 1950, mji ulipozidi kupanuka. Waliohamia huko walisema Kiluba cha Kasai na cha Katanga, Kibemba, Kisanga, Kilunda na lugha nyinginezo. Wengi wao walikuwa wameacha kwao wazee wa ukoo, wajomba na mashangazi, yaani wale wale ambao kwa desturi humwosha maiti, humlilia na kukesha naye. Kwa hiyo msiba ulipomfika mtu wa namna hiyo, suala la kwanza lilikuwa: nani atakaa naye usiku?

Suala hilo ni kongwe kuliko Ruashi. Katika Elisabethville ya miaka ya 1920 (jina la Lubumbashi lilianza kutumika mwaka 1966) wafanyakazi walilijibu kwa ngoma ya mbeni. Asili yake ni miji ya pwani, Lamu na Mombasa miongoni mwao, ambako vijana waliiga bendi za kijeshi za Wazungu. Vita vya 1914-1918 viliichukua ngoma hiyo hadi bara pamoja na askari na wapagazi. Wachezaji walivaa sare na kupeana vyeo vya wafalme na magavana, jambo lililowatia wasiwasi watawala wa Kibelgiji. Lakini nyuma ya mbwembwe hizo zilikuwapo fedha za pamoja za kumuuguza mgonjwa na kumzika mfu. Yafaa jambo hili lisisitizwe, kwa kuwa mara nyingi mbeni imeelezwa kama mzaha tu.

Baada ya vita vya pili vya dunia ilikuja zamu ya gitaa. Mwaka 1952 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki kutoka Afrika Kusini, alimrekodi kijana Jean Bosco Mwenda huko Jadotville, Likasi ya leo. Mwenda alizaliwa Bunkeya mwaka 1930, katika kabila la Bayeke, watu ambao wahenga wao walitoka Unyamwezi na kufika Katanga pamoja na misafara ya biashara ya karne ya 19. Yeye naye, basi, alikuwa mjukuu wa wageni. Wimbo wake “Masanga” ulienea kwa sahani za santuri. Mwishoni mwa miaka ya 1950 yeye na jamaa yake Edouard Masengo walifika Nairobi, na vijana wa huko waliopiga gitaa kwa vidole wakajifunza kwao. Masengo alikuwa amevuma pamoja na kundi la JECOKE, ambalo jina lake limetokana na Kenya. Si nchi ya Kenya, bali komine ya Lubumbashi iitwayo hivyo!

Watu wa pwani wamezoea kukicheka Kiswahili cha Katanga kwa upatanisho wake wa ngeli. Kicheko hicho hakioni lililo muhimu. Kwa kizazi cha kwanza cha wachimba migodi, Kiswahili hakikuwa lugha ya mama ya karibu mtu yeyote. Kila mmoja alikiazima. Kwa sababu hiyo mwimbaji aliyeimba kwa Kiswahili juu ya mke aliyemwacha, au juu ya mshahara uliokwisha, hakuonekana kuliimbia kabila moja na kuliacha jingine. Nairobi, mbali kabisa na migodi, mambo yalikuwa vivyo hivyo: msikilizaji aliyepotewa na neno moja au mawili alibaki na mengine ya kumtosha, na gitaa likamjazia pengo.

Hata hivyo lugha hiyo haikuwa na kinga. Katika miaka ya 1992 na 1993, wakati wa siasa za kuwafukuza Wakasai kutoka Katanga, neno la Kiswahili “bilulu”, yaani wadudu, lilitumiwa kuwatukana watu ambao wazazi wao walikuwa wamechimba shaba na kucheza ngoma pamoja na wazazi wa watukanaji. Likasi na Kolwezi maelfu ya familia yalilala katika vituo vya reli yakingoja treni. Mwenda hakuyaona hayo. Alifariki mwaka 1990 kwa ajali ya gari nchini Zambia. Anayeusifu muziki wa Katanga kwa kuwaunganisha watu hana budi kuitaja pia miaka hiyo miwili.

Katika Kiswahili cha Lubumbashi, “kilio” si sauti ya mtu anayelia tu, bali pia ni mkusanyiko mzima wa msiba. Katika vilio vya mitaa ya wafanyakazi husikika karindula, ala kubwa ya nyuzi nne iliyotengenezwa kwa pipa lililowambwa ngozi ya mbuzi. Jina lake lina ndugu ng’ambo ya mpaka, nchini Zambia, ambako kalindula ni aina ya muziki wa dansi. Tofauti ya r na l haimpi taabu yeyote anayesema Kibemba. Wapigaji hupiga, majirani huketi, na mchango wa jeneza hukusanywa.