Kipimo Kabla ya Jani: Utafiti wa Mimea ya Kushusha Sukari Katika Mwambao wa Ziwa Mweru

Makala haya yanatetea hoja moja. Mtafiti anayetaka kupima majani au mbegu zinazosifiwa kushusha sukari ya damu, akaamua kufanya kazi hiyo Nchelenge, Mkoa wa Luapula, Zambia, kando ya Ziwa Mweru, hana budi kuhakikisha kwanza kwamba kipimo chake kinafaa katika nchi ya malaria. Asipofanya hivyo, jani lisilo na uwezo wowote linaweza kutangazwa dawa. Mjadala wetu kuhusu tiba asili umetumia nguvu nyingi kuuliza nani anaithamini mimea na nani anaibeza. Swali la namna ya kupima limeachwa nyuma, ilhali ndilo linalobeba uhai wa mgonjwa.

Mimea na ushahidi wake

Thamani ya mimea katika tiba ya kisukari haina ubishi. Metformini, dawa ambayo wagonjwa wengi wa kisukari cha aina ya pili huanzishiwa, ina asili yake katika mmea wa Galega officinalis, uliotumika Ulaya kwa karne nyingi. Kiini cha mmea huo hushusha sukari, lakini kina sumu. Wakemia walitengeneza dawa za jamii yake, na mwaka 1957 daktari Mfaransa Jean Sterne alichapisha matokeo ya kuwapa wagonjwa metformini. Ndugu yake, fenformini, iliondolewa katika soko la Marekani mwaka 1977 kwa sababu ilisababisha mrundikano hatari wa asidi katika damu. Dawa mbili za ukoo mmoja zilitenganishwa na majaribio, si na sifa.

Mbegu za uwatu nazo zina ushahidi wa kutia moyo. Ukiziloweka, maji huwa mazito na yenye utelezi. Utelezi huo ni nyuzilishe inayopunguza kasi ya sukari kutoka tumboni kwenda katika damu. Uchambuzi wa majaribio 10, uliochapishwa mwaka 2014, ulionyesha kwamba uwatu ulishusha sukari ya kabla ya kula kwa wastani wa milimoli 0.96 kwa lita, ingawa ubora wa majaribio mengi ulikuwa hafifu. Kwa mdalasini na karela, mapitio ya Cochrane ya mwaka 2012 hayakupata ushahidi wa kutosha. Mlonge, unaosifiwa kila mahali, ulijaribiwa Thailand kwa wagonjwa 32 waliokuwa bado hawajaanza dawa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 hayakuonyesha nafuu ya maana katika sukari yao.

Tanzania ina funzo lake. Mwaka 2001 watafiti wa Muhimbili walichapisha matokeo ya kuwapa wagonjwa wa kisukari maji ya mmea wa Phyllanthus amarus, unaotumiwa sana katika tiba asili. Sukari yao haikushuka. Uchunguzi wa namna hiyo, unaotangaza wazi kwamba dawa haikufanya kazi, ni heshima kwa tiba asili, maana unamwokoa mgonjwa na matumaini yasiyo na msingi.

Kipimo katika nchi ya malaria

Majaribio mengi ya siku hizi hutegemea himoglobini A1c, ambayo wagonjwa wengi huijua kama kipimo cha miezi mitatu. Sukari hunata kwenye himoglobini ya chembe nyekundu, na kadiri chembe inavyoishi, ndivyo inavyokusanya sukari zaidi. Hesabu yake inategemea chembe kuishi takriban siku 120. Malaria huvunja chembe kabla ya wakati wake. Damu ikijaa chembe changa, A1c hushuka hata kama sukari yenyewe haijabadilika.

Nchelenge ni miongoni mwa wilaya zenye malaria nyingi zaidi Zambia, na tafiti za kaya zimekuwa zikikuta vimelea hata kwa watu wasio na homa. Vinasaba navyo vina sehemu yavyo. Utafiti wa mwaka 2017 miongoni mwa Wamarekani Weusi ulionyesha kwamba wenye kinasaba kimoja cha selimundu walikuwa na A1c ya chini kuliko wenzao wenye sukari ileile. Upungufu wa madini ya chuma huipeleka A1c upande wa pili, yaani huipandisha. Kwa hiyo unga wa majani ya mlonge, yenye madini ya chuma, ukiondoa upungufu huo, unaweza kuishusha A1c bila kugusa kisukari.

Sasa tuchukulie jaribio linaloanza kiangazi na kuisha masika, bila kundi la ulinganisho. Mvua zinaleta mbu, mbu wanaleta malaria, A1c inashuka, na jani linapata sifa. Tena, kuanzia Desemba hadi mwisho wa Februari uvuvi ziwani hufungwa ili samaki wazaliane. Kazi, kipato na chakula cha kaya ya mvuvi hubadilika. Ugali wa muhogo unaweza kubaki uleule, lakini kitoweo na jasho la kazi havibaki vilevile. Mtafiti asiyehesabu mambo haya atakuwa amepima majira, si mmea.

Njia mbadala ipo, nayo si ngeni katika ukanda wetu. Mwaka 1989 mtafiti Donald McLarty na wenzake walichapisha katika jarida la Lancet uchunguzi wa watu 6,299 wa vijiji sita vya Tanzania. Watu walipimwa kabla ya kula, wakanywa gramu 75 za glukosi, wakapimwa tena baada ya saa mbili. Waliokutwa na kisukari hawakufika 1 kati ya 100. Kilichowezekana vijijini Tanzania miaka ya 1980 kinawezekana Nchelenge leo, mradi damu ihifadhiwe kwenye baridi, maana chembe huendelea kula sukari ndani ya chupa.

Usalama wa mgonjwa

Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu walikwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa cha Mchungaji Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500, na wapo walioacha dawa zao za hospitali. Mwaka 2008 Singapore ilipata wagonjwa 150 ambao sukari yao ilishuka vibaya. Tukio hilo lilihusishwa na dawa haramu za nguvu za kiume zilizochanganywa na glibenklamidi, dawa ya kushusha sukari, na wanne walifariki. Tukio la kwanza latufundisha kwamba mshiriki wa utafiti asiachishwe dawa yake kiholela. La pili ladai kila unga upimwe maabara kabla haujafika mdomoni. Nchelenge ina hatari ya ziada: malaria kali na kwinini, kila moja kwa njia yake, huweza kuishusha sukari hadi mgonjwa akapoteza fahamu.

Hitimisho

Utafiti wa mimea ya kisukari Nchelenge uanze kwa kupima glukosi yenyewe, sio A1c peke yake. Uwe na kundi la ulinganisho, uchukue mwaka mzima, na kila mshiriki apimwe malaria, selimundu na wekundu wa damu. Kituo cha Utafiti wa Magonjwa ya Kitropiki cha Ndola kina uzoefu wa miaka mingi wa malaria wilayani humo, na Hospitali ya Misheni ya St Paul's iko jirani na wagonjwa. Waganga wa tiba asili washirikishwe tangu kuandikwa kwa mpango, na matokeo yarudishwe kwa Kibemba, na kwa Kiswahili kwa ajili ya watu wa ng'ambo ya ziwa, Kongo, hata kama yatasema mmea haukufanya kazi. Kamati za maadili zisipitishe pendekezo lolote la aina hii lisiloeleza malaria imehesabiwa vipi.