Anwani

Neno anwani limetoka Kiarabu, na katika Kiswahili lina maana mbili kongwe. Mwanafunzi wa fasihi akiulizwa kuhusu ufaafu wa anwani, hueleza jina la kitabu. Mwandishi wa barua akiandika anwani, huonyesha mahali. Mafundi wa kompyuta wameongeza ya tatu: tarakimu zinazotambulisha mashine kwenye mtandao, kama 192.168.1.10.

Katika mtandao, jina na mahali ni vitu viwili. Mfumo wa DNS, uliobuniwa na Paul Mockapetris mwaka 1983, ndio unaotafuta anwani ya kila jina. Ofisi ikibadilisha seva inayoendesha DNS, kompyuta za wafanyakazi huenda zikaendelea kuuliza kwenye anwani ya seva ya zamani. Isipojibu, zinasubiri muda uishe ndipo zijaribu kwingine. Hivyo mfanyakazi huandika nywila sahihi, lakini kuingia kwenye kompyuta kunachukua dakika kadhaa.

Kwa hiyo fundi asikimbilie kulaumu nyaya. Akague kwanza anwani ya seva ya DNS iliyopewa kila kompyuta, kisha folda za pamoja zinazotaja seva iliyoondolewa. Nasi tuseme wazi: anwani ya riwaya, anwani ya posta, anwani ya mtandao.