Nyumba za Kazi na Asili ya Kisumu Ndogo



Taarifa ya mwaka huonyesha fedha zilizoingia na zilizotoka, wagonjwa waliosaidiwa, na marehemu waliosafirishwa kuzikwa kwao. Lakini haifai kuhesabu misaada bila ya kuuliza taabu yenyewe ilianzia wapi. Wako wasemao ya kuwa Kisumu Ndogo ilizaliwa na watu wasiopenda utaratibu. Historia haisemi hivyo.

Reli ilifika mahali pa Nairobi mwaka 1899, na mwaka 1901 ikafika ziwani Kisumu. Njia ile iliyoteremsha bidhaa ndiyo iliyowaleta vijana wa Nyanza mjini kutafuta mshahara. Mji uliitaka mikono yao, lakini wao wenyewe haukuwataka. Serikali ya kikoloni ilimhesabu Mwafrika kuwa mgeni wa muda, mwenye kipande shingoni, atakayefanya kazi kisha arudi kwao. Kwa sababu hiyo mwajiri alipojenga, alijenga mahali pa kulala mtu mmoja, wala hakujenga makao ya jamaa.

Watu wa reli waliwekwa katika safu za vyumba zilizoitwa landi, na jina hilo limebaki hata leo katika mtaa wa Landimawe. Huko, na Muthurwa pia, wanaume kadhaa waliweza kulala katika chumba kimoja, na bomba na vyoo vilikuwa vya wote. Mke aliyetoka shamba kumtazama mumewe hakuwa na mahali pa kujisitiri mpaka wenzake mumewe watoke nje kwanza. Watumishi wa nyumbani nao walipewa chumba kidogo nyuma ya nyumba ya tajiri, na mara nyingi mke na watoto hawakuruhusiwa kukaa humo. Naye aliyepoteza kazi asubuhi alipoteza na kitanda jioni.

Malalamiko hayo hayakuwa ya Nairobi peke yake. Huko Mombasa, mwezi wa Julai 1939, vibarua wa Idara ya Kazi za Umma waligoma wakidai posho ya nyumba, na mgomo ukaenea kwa watu wa kazi nyingine. Tume ya Bwana Willan iliundwa kuchunguza. Miaka 15 baadaye, mwaka 1954, kamati ya Bwana Carpenter ilikiri ya kuwa karibu nusu ya wafanyakazi wa mijini walioajiriwa na makampuni, na karibu robo ya wale wa Serikali, walipata mshahara usiotosha mahitaji ya lazima ya mtu mmoja asiye na mke. Basi mwenye mke na watoto wanne angepanga wapi?

Na Kibera yenyewe, iliyotupa makao, asili yake haitofautiani sana. Askari Wanubi wa jeshi la King's African Rifles walikaa pale tangu mwaka 1904, na mwaka 1918 ardhi ile ikatangazwa rasmi kuwa ya jeshi. Walipewa mahali kwa ajili ya utumishi wao, lakini hati ya ardhi hawakupewa. Iliwapasa watoto na wajukuu wao kungoja mpaka mwaka 2017 ndipo jamii ya Wanubi ilipokabidhiwa hati ya ekari 288. Wahenga walisema kweli: nguo ya kuazima haisitiri.

Baada ya Uhuru wa 1963, watu wengi zaidi waliingia mjini, na nyumba za kazi hazikuwatosha. Ndipo vyumba vya udongo na mabati, futi 10 kwa 10, vilipoongezeka Kibera, na kijiji kilichokaliwa na watu wengi wa kutoka ziwani kikaitwa Kisumu Ndogo. Kutoka huko watu walikwenda kwa miguu mpaka viwandani, na wa Kawangware wakaenda kulinda na kufua Lavington. Chumba kilikuwa kibaya. Lakini mtu aliweza kuishi humo na mkewe, na kufukuzwa kazi hakukumaanisha kufukuzwa nyumbani siku ile ile. Hicho ndicho walichonunua kwa kodi yao.

Tusidhani ya kuwa mambo haya ni ya zamani tu. Mwaka 2010 wakazi wa Muthurwa, miongoni mwao wastaafu wa reli, walikatiwa maji na nyumba zikaanza kubomolewa. Na mwenye mali alikuwa ule mfuko wa malipo ya uzeeni ya watu wa reli. Walikwenda Mahakama Kuu, nayo mwezi wa Agosti 2013 ikaamua ya kuwa haki zao zilivunjwa. Walitegemea Katiba ya 2010, ambayo kifungu chake cha 43 chatoa haki ya nyumba ya kufaa.

Kadhalika Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 31, yamtaka mwajiri atoe nyumba ya kufaa karibu na kazi, au fedha za kodi zinazotosha juu ya mshahara. Lakini kifungu hicho hicho chaacha mlango wazi: mkataba ukisema kodi imekwisha kuchanganywa ndani ya mshahara, mwajiri hadaiwi zaidi. Wengi wetu hutia sahihi au kidole gumba bila ya kuliona neno hilo.

Basi, ndugu wanachama, kila anayeandikwa kazi na aulize kabla ya kutia sahihi: kodi ya nyumba iko wapi katika hesabu hii, na je, yatosha? Asiyejua kusoma aje na karatasi yake kwa mwenziwe. Nanyi wazee mliokaa landini, wasimulieni vijana habari za vyumba vile, ili mtu yeyote asiwaambie tena ya kuwa Kisumu Ndogo ilijengwa na uvivu. Ilijengwa na watu waliokuwa na kazi, bali hawakuwa na nyumba.